Sewa Haji wa Bagamoyo

Twasikia vijana wakihimizwa kujitolea, nao hujibu kwamba watatoa watakapokuwa wazee wenye mali. Basi na tuwakumbushe habari za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, umri wake miaka 46 tu.

Alishika biashara ya baba yake angali kijana. Misafara ya bara ilipata kwake wapagazi, nguo, shanga na bunduki. Naye akanunua pembe za ndovu. Hatufichi kwamba utajiri huo ulibebwa mabegani mwa wapagazi. Lakini ni wangapi waliotajirika Bagamoyo kwa njia iyo hiyo, wasiache hata kisima?

Yeye alitoa nyumba ya ghorofa iwe skuli, akawawekea Wadachi sharti: watoto wa kila rangi wapokewe. Fedha yake ikajenga pia hospitali ya Waafrika na Wahindi mjini Dar es Salaam, iliyokwisha mwaka ule ule wa 1897 Wazungu walipofunguliwa yao ufukoni. Leo Muhimbili lina jengo liitwalo Sewahaji, na wapo wanaolazwa humo wasijue kwamba hilo lilikuwa jina la mtu.