Luigi Broglio: Mtaliano aliyeigeuza bahari ya Malindi kuwa lango la anga za juu

Katika Bahari ya Hindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni kaskazini mwa Malindi nchini Kenya, yamesimama majukwaa ya chuma ambayo tangu mwaka 1988 hayajarusha setilaiti hata moja. Ni kazi ya Luigi Broglio, mhandisi na ofisa wa jeshi la anga la Italia aliyetaka kuipima angahewa ya dunia kutoka karibu na ikweta.

Broglio alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, jirani na Venice, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Sapienza mjini Rome. Italia haikuwa na roketi ya kufikisha setilaiti angani. Mwaka 1962 ilitiliana saini makubaliano na shirika la anga la Marekani, NASA: Wamarekani watoe roketi za Scout na mafunzo, Waitalia watengeneze setilaiti na kuandaa mahali pa kuzirushia. Tarehe 15 Disemba 1964, wataalamu wa Kitaliano waliirusha San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani.

Ndani ya setilaiti hiyo mlikuwa na mizani aliyoibuni Broglio. Ganda jepesi la nje liliunganishwa na kiini kizito kwa mikono inayonyumbuka. Hewa nyembamba ya juu ilipolisukuma ganda, mikono ilipinda kidogo, na kipimo cha kupinda huko kilionyesha msongamano wa hewa. Elimu hiyo ilihitajika sana, kwa kuwa ni hewa hiyo inayopunguza mwendo wa setilaiti hadi zianguke.

Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu mbili. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Na upande wa mashariki ni bahari tupu, hivyo vipande vya roketi huanguka bila kudhuru watu. Jukwaa moja lilibeba roketi, jingine chumba cha uongozaji. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikawa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo, ya Marekani, ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. San Marco 3 na 4 ziliendelea kuipima angahewa ya ikweta.

Baada ya mwaka 1988 urushaji ulikoma, na mpango wa roketi kubwa zaidi haukutimia. Broglio alifariki dunia tarehe 14 Januari 2001 akiwa na umri wa miaka 89. Kituo hicho sasa kina jina lake, na mitambo yake ya nchi kavu bado hufuatilia setilaiti na kupokea data.

Mbegu aliyoipanda haikupotea yote. Mwaka 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Sapienza na kufungwa kamera, iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyotengenezwa kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na usalama wa chakula. Hata hivyo, ili kuirusha, Kenya ililazimika kuipeleka California, ilhali bahari ya Ngomeni, iliyokwisha kutuma setilaiti tisa angani, imebaki kimya.