Tom Mbotela: Maisha Nyuma ya Jina la Mtaa

Wakazi wa Eastlands hulitaja jina la Mbotela kila siku, wanapopanda matatu na wanapomwelekeza mgeni, ilhali wengi wao hawamfahamu mtu aliyelibeba jina hilo kabla ya nyumba za mtaa huo kujengwa.

Tom Mbotela alitoka katika ukoo wa watumwa waliokombolewa na kupewa makao Freretown, Mombasa. Ukoo huohuo ndio uliowapa wasomaji wa Kiswahili James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Jijini Nairobi, Tom alijiunga na siasa za chama cha KAU na kupanda hadi cheo cha makamu wa rais, wakati Jomo Kenyatta akiwa rais. Aliamini kwamba haki ya Mwafrika ingepatikana kwa hoja, mabaraza na maombi kwa serikali.

Imani hiyo ilipitwa na wakati wake. Mwaka 1951 Fred Kubai na Bildad Kaggia walitwaa uongozi wa tawi la chama la Nairobi, na wenye msimamo wa wastani wakasukumwa pembeni. Mbotela hakunyamaza, aliendelea kuupinga Mau Mau hadharani. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Novemba, aliuawa usiku karibu na soko la Burma, Shauri Moyo. Mwaka 1953 diwani Ambrose Ofafa naye aliuawa. Baadaye majina ya wawili hao yalipewa mitaa: Mbotela, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo.

Kisa hiki kina mwenzake wa mbali. Mwaka 1958 Andrzej Wajda wa Poland alitoa filamu Popiół i diament, iliyotokana na riwaya ya Jerzy Andrzejewski ya mwaka 1948. Matukio yake yanatokea vita vinapokwisha, Mei 1945. Kijana Maciek, aliyepigana dhidi ya Wajerumani, anaagizwa kumuua Szczuka, kiongozi wa Kikomunisti. Anampiga risasi, na mzee huyo anamwangukia mikononi huku fataki za ushindi zikilipuka angani. Kesho yake Maciek mwenyewe anakufa jalalani. Wajda hakumfanya yeyote kati yao kuwa shetani: kila mmoja aliipenda nchi, na kila mmoja aliipenda kwa njia iliyomtaka mwenzake afe.

Hapo ndipo historia ya Eastlands inapopungukiwa. Jina la Mbotela lilibandikwa ukutani na watawala wa kikoloni, waliokuwa na sababu zao za kumtukuza mpinzani wa Mau Mau. Kwa hiyo baada ya uhuru ilikuwa rahisi kumwita kibaraka, kama ilivyokuwa rahisi kwa wakoloni kuwaita waliomuua wahalifu. Majina yote mawili yanaficha zaidi ya yanavyofichua. Mjukuu wa utumwa aliyetumaini sheria alikuwa na hoja yake. Vijana walionyang'anywa ardhi, wakachoka kungoja majibu ya maombi, nao walikuwa na yao.

Kiswahili kinaidai tamthilia ya usiku huo wa Shauri Moyo, itakayowapa sauti aliyeanguka na aliyemuua. Atakayeiandika hahitaji kusafiri mbali kutafuta mandhari. Mtaa upo, na watu wanaishi ndani yake.