Apolo Kivebulaya: Mwalimu Aliyejitolea

Soma: Isaya 6:8, Mathayo 9:35–38, Waefeso 4:11, 12, Wagalatia 6:9, 10.

Apolo alizaliwa Buganda katika miaka ya 1860, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa mvulana aliye pacha wa kwanza kuzaliwa. Ujana wake haukuonyesha dalili yoyote ya utumishi. Alijifunza Uislamu, akawa askari katika vita vya dini vilivyoisumbua Buganda, na alivuta bangi. Hata hivyo, mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay yalikuwa yamemgusa, na mbegu ile haikufa. Mwezi Januari 1895 alibatizwa katika Kanisa la Anglikana akachukua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, alipewa na watu kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilolivaa pamoja na kanzu yake.

Wakati huo uamsho ulikuwa umeanza Buganda. Tangu mwisho wa mwaka 1893 waumini wengi wa kawaida walikuwa wakijitoa kwenda kufundisha mahali ambapo Injili haijafika. Hawakuwa wachungaji. Walikuwa watu waliojua kusoma, wenye kitabu mkononi na imani moyoni. Apolo naye alijitoa, na mwaka uleule wa ubatizo wake akatumwa Toro, magharibi ya Uganda. Hakungoja kwanza awe na cheo.

Ng'ambo ya milima ya Rwenzori na mto Semliki kulikuwa na Mboga, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walimu wawili walikuwa wametangulia huko, lakini walirudi. Mtawala wa Mboga, Tabaro, aliwakatalia chakula, na mtu mwenye njaa hawezi kufundisha siku nyingi. Hao hawakuwa waoga. Walikosa wa kuwashika mkono. Nafasi yao ilipobaki wazi, Apolo alikubali kuijaza, akiwa anajua vizuri kilichowarudisha wenzake. Alifika Mboga mwishoni mwa 1896, akashika jembe na kujilimia chakula chake. Tabaro hakuwa tena na njia ya kumfukuza kwa njaa.

Basi upinzani ukabadilika sura. Apolo alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Mwaka 1898 mwanamke wa ukoo wa mtawala alikufa kwa kuangukia mkuki. Ilikuwa ajali, lakini lawama zilimwangukia Apolo. Alikamatwa, akapelekwa Toro na kufungwa gerezani. Baadaye alisimulia kwamba katika kipindi hicho cha taabu alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope.

Alipoachiwa huru, njia mbili zilikuwa mbele yake. Angeweza kukaa Toro, mahali alipokuwa na marafiki, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alivuka tena Semliki akarudi kwa watu walewale waliomshitaki. Kurudi huko kulihubiri kuliko mahubiri. Tabaro mwenyewe, aliyemnyima chakula na kumtesa, aliamini, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Kanisa lilimwekea Apolo mikono kuwa shemasi mwaka 1900, na kuwa kasisi mwaka 1903. Ni vema kuangalia utaratibu wa mambo hayo: kazi ilitangulia, cheo kikafuata. Kwa miaka mitano alikuwa mwalimu tu, na katika miaka hiyo ndipo msingi wa kanisa la Mboga ulipowekwa.

Hakuifanya kazi peke yake. Aliwafundisha waongofu kusoma, na kati yao akapata walimu wa kwenda vijiji vingine. Kuanzia mwaka 1921, akiwa na umri unaokaribia miaka sitini, aliingia msitu wa Ituri kuwafikia Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau. Alifanya pia kazi ya kutafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu akielekezwa mashariki. Yeye aliagiza aelekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi huko ilikuwa haijaisha.

Maisha ya Apolo yanalifaa kila kanisa mahalia, kuanzia Iguguno hadi Mkalama yote na Singida nzima. Mchungaji wa mtaa ana makanisa kadhaa, wala hawezi kuwa kila mahali kila Sabato. Waefeso 4 inaonyesha kwamba wachungaji na walimu walitolewa ili kuwakamilisha watakatifu wote kwa kazi ya huduma. Basi darasa la watoto lisilo na mwalimu, mgonjwa asiyetembelewa, mzee asiyeona vizuri ambaye angependa kusomewa Biblia, na mjane ambaye alizeti yake inapukutika shambani kwa kukosa wavunaji, hao wote wanawangoja washiriki.

Tena kanisa lijifunze kwa wale walimu wawili waliorudi. Anayejitolea naye ana tumbo, ana watoto, na anachoka. Kumpigia makofi siku anapochaguliwa, kisha kumwacha peke yake mwaka mzima, ni kumnyima chakula kama Tabaro. Wako wasioweza kwenda, lakini wanaweza kutoa debe la mtama, nauli, au siku moja ya kumlimia aliyekwenda. Hiyo nayo ni huduma.

Maswali ya kujadili

1. Ni kazi gani katika kanisa lenu imebaki wazi kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenye cheo?

2. Je, yupo mshiriki aliyewahi kujitolea kisha akaacha? Darasa lifanye nini kabla ya kumlaumu?

3. Soma Mathayo 9:35–38. Kuna uhusiano gani kati ya kuomba watendakazi na kuwa tayari kutumwa mwenyewe?

4. Kabla ya Sabato ijayo, kila mwanadarasa achague mtu mmoja wa kumtembelea, na darasa lichague mtumishi mmoja wa kumsaidia kwa vitendo.