Tabu Ley Rochereau: kutoka okestra mpaka bunge

Butembo na Beni, sauti ya Tabu Ley inajulikana sana. Siasa yake, wachache ndio wanaikumbuka.

Alizaliwa Bagata, leo jimbo la Kwilu. Kijana bado, aliingia African Jazz ya Grand Kallé. Mwaka 1963, yeye na Dr Nico wakaanzisha African Fiesta. Mwaka 1970 akaimba Olympia, kule Paris. Baadaye, na okestra yake Afrisa, akamwinua Mbilia Bel.

Miaka ya mwisho ya Mobutu aliishi inje ya inchi. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, akarudi Kinshasa. Wakati wa Laurent-Désiré Kabila akawa mbunge wa mpito. Mwaka 2005, naibu liwali wa Kinshasa.

Vyeo hivyo vyote viwili aliteuliwa tu, raia hawakumpigia kura. Kwetu huku, ambako kura ya raisi ya Desemba 2018 haikupigwa pamoja na wengine, jambo hilo si dogo. Muziki wake ndio raia walijichagulia wenyewe.

Mwaka 2008 ugonjwa wa kiharusi ulimwangusha. Alifariki Brussels tarehe 30 Novemba 2013, akazikwa Kinshasa.