Mzee Ojwang' Hatari: Mwigizaji Ndani ya Lafudhi ya Jirani

Watazamaji wengi wa Vitimbi walimchukua Mzee Ojwang' Hatari kuwa Mjaluo halisi, nao hawakuwa na sababu ya kushuku. Jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Alijipatia umaarufu katika miaka ya 1980 kwenye televisheni ya Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa KBC, akaonekana pia katika Vioja Mahakamani. Kabla ya KTN kuanza mwaka wa 1990, idhaa hiyo ya serikali ndiyo iliyokuwa ya pekee nchini. Aliyekuwa na televisheni, na jirani zake waliojaa sebuleni kwake, wote walimtazama mzee yuyo huyo mwenye miwani akizozana na mkewe, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere.

Mwanafunzi wa isimu ana haki ya kushangazwa na kazi hiyo. Dholuo haina sauti /sh/ wala /z/. Ndiyo maana shamba huweza kuwa samba, na siwezi ikawa siwesi. Mwigizaji yeyote mwenye sikio angeweza kuiga hayo. Ugumu ulikuwa kwingine. Gikuyu, lugha ya kwanza ya Wanjau, haina /l/, na Mkikuyu azungumzapo Kiswahili aghalabu huponyokwa na karamu alipokusudia kalamu. Mjaluo hana tatizo hilo, kwa kuwa lugha yake huzitenganisha /l/ na /r/ waziwazi. Basi kuwa Ojwang' kulimtaka Wanjau avae makosa ya jirani na wakati huohuo avue makosa ya nyumbani kwake. Wanaodhani vichekesho ni kazi nyepesi hawajalitafakari jambo hili.

Wako wahakiki, wakiwemo walimu wa Kiswahili, waliolalamika kwamba michezo ya aina hii ilieneza Kiswahili kibovu na kuyafanya makabila kuwa vikaragosi. Lawama hiyo ina uzito, hasa pale mhusika anapokuwa na lafudhi tu bila utu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, Ojwang' hakuchekesha kwa sababu ya Ujaluo wake. Alichekesha kwa ujanja wake, kiburi chake, na jinsi Mama Kayai alivyokuwa akimtangulia kwa akili. Lafudhi ilikuwa vazi; tabia ndiyo iliyokuwa mtu.

Sisi wa Nakuru hatuwezi kulizungumzia suala la lafudhi kwa wepesi. Free Area ni mtaa ambamo mpangaji Mkikuyu na mpangaji Mjaluo hutenganishwa na ukuta mmoja. Mwezi wa Januari 2008, mapigano yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalipofika Nakuru na Naivasha, jina na matamshi vilitosha kumponza mtu. Wakati huo Wanjau alikuwa amekwisha kuitwa Ojwang' na taifa zima kwa zaidi ya miaka 20. Sidai kwamba mchezo wa televisheni ungeyazuia yaliyotokea. Ila ni vigumu kumtaja Mkenya mwingine aliyepokewa nchini kote kwa jina la kabila lisilo lake, tena akapendwa kwalo.

Mapenzi hayo hayakugeuka mali. Uigizaji wa televisheni katika kizazi chake ulileta sifa kuliko fedha. Uzeeni macho yake yalidhoofika mno, na habari hizo zilipotangazwa, Wakenya walichanga ili atibiwe. Wengi wa waliochanga walimjua kwa jina la Ojwang' tu.

Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa katika makaburi ya Lang'ata jijini Nairobi.