Newton Naye Alirudishwa Nyumbani

Chuo Kikuu cha Cambridge kilipofungwa mwaka 1665 kwa sababu ya tauni, Isaac Newton alikuwa na miaka 22. Ndio umri wangu. Nadhani ndiyo maana, kati ya wanasayansi wote tuliowakariri sekondari, huyu ndiye niliyeanza kumfuatilia baada ya Machi 2020, vyuo vyetu vilipofungwa kwa korona na kila mtu akaambiwa afungashe arudi kwao.

Wanachuo wenzangu mtakumbuka ule ujumbe uliozunguka kwenye magrupu ya darasa: Newton akiwa karantini aligundua graviti, je, wewe uliyelala na simu umegundua nini? Wengine walicheka, wengine uliwauma. Kuna waliofika nyumbani wakakuta umeme hakuna. Kuna waliokabidhiwa jembe kesho yake asubuhi. Na kuna dada zetu ambao kuanzia alfajiri ni maji, jiko na watoto, halafu jioni mtu anawauliza wamegundua nini. Nikaona bora nimsome mtu mwenyewe. Nilichokikuta si kile kilichoandikwa kwenye ujumbe ule.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, katika kijiji cha Woolsthorpe, Lincolnshire. Baba yake alikuwa mkulima asiyejua hata kuandika jina lake, na alifariki miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alizaliwa njiti, watu wakajua hatapona. Alipofika miaka mitatu, mama yake, Hannah, aliolewa na mchungaji wa kijiji cha jirani, akamwacha kijana kwa bibi yake. Mama alirudi mwaka 1653 baada ya mume wa pili naye kufariki, akiwa na watoto wengine watatu. Kwa hiyo nyumbani kwao hakukuwa mahali pa furaha tu. Tukumbuke hilo tunaposema alirudi nyumbani.

Alisoma shule mjini Grantham. Mwaka 1659 mama akamtoa shule aje asimamie shamba. Hapo ndipo kijiji kizima kiligundua kwamba huyu si mkulima. Akipewa kondoo, yeye anakaa na kitabu, kondoo wanaingia shamba la watu. Kumbukumbu za baraza la kijiji zinaonyesha alitozwa faini kwa ajili ya mifugo yake. Waliomwokoa ni mjomba wake na mwalimu mkuu wake, Henry Stokes, ambao walimbembeleza mama mpaka akakubali kijana arudi shule. Inasimuliwa kwamba Stokes alikuwa tayari hata kusamehe ada. Sisi tunaosoma ualimu tuliweke akilini jina hilo. Bila Stokes, huenda leo tusingekuwa na Newton wa kumzungumzia.

Juni 1661 aliingia Trinity College, Cambridge. Bumu halikuwepo. Aliingia katika daraja la wanafunzi wanaolipa ada pungufu na kufidia kwa kuwatumikia walimu na wanafunzi wenye uwezo. Masomo rasmi yalikuwa bado ni Aristotle kwa sana. Lakini kuanzia mwaka 1664 hivi, Newton alianza kusoma kivyake kazi za Descartes, Wallis na wengine wa zama zake. Alikuwa na daftari ambamo aliorodhesha mambo aliyotaka kuyaelewa: mwanga, rangi, mwendo, nyota, vichwa vya habari zaidi ya 40. Alikuwa pia na daftari nene alilorithi kwa baba yake wa kambo. Yule mchungaji alilianza kwa maandishi ya dini, akaacha kurasa nyingi tupu. Karatasi ilikuwa ghali, kijana akazijaza hesabu. Mwanzoni mwa 1665 akapata shahada yake ya kwanza.

Kisha tauni ikaingia. Kwa hesabu rasmi za London, zaidi ya watu 68,000 walikufa kwa tauni mwaka 1665 peke yake, na inaaminika waliokufa kweli ni wengi zaidi. Nyumba yenye mgonjwa ilifungwa na watu wake wakiwa ndani, mlangoni ikachorwa alama ya msalaba mwekundu. Hakuna aliyejua kwamba ugonjwa huo unaletwa na bakteria na kusambazwa na viroboto wa panya. Cambridge ikatawanya wanafunzi, na Newton akarudi Woolsthorpe. Machi 1666 walifikiri imekwisha, akarudi chuoni. Juni ikabidi aondoke tena. Hakurudi kwa kutulia mpaka Aprili 1667. Sisi tulikaa nyumbani mpaka 1 Juni 2020, kama miezi miwili na nusu. Yeye ilimchukua karibu miaka miwili.

Alifanya nini? Kwanza ni hesabu. Oktoba 1666 aliandika kwa utaratibu njia yake ya kushughulikia vitu vinavyobadilika muda wote, kama kasi ya kitu kinachoanguka. Ndiyo ile kalkulasi inayotutesa mwaka wa kwanza. Pili ni mwanga. Alipitisha mwale wa jua kwenye tundu dogo la dirisha, akauelekeza kwenye prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pembe tatu, akaona rangi zikitandaa ukutani. Wengi waliamini kioo ndicho kinachoupaka mwanga rangi. Yeye akafikia kuonyesha kwamba rangi zote zimo ndani ya mwanga mweupe tangu mwanzo, na kioo kinazitenganisha tu.

Tatu ni tunda. Tufaa halikumpiga kichwani, hiyo ni chumvi ya watu. Yeye mwenyewe uzeeni alisimulia kwamba aliona tufaa likianguka bustanini, akajiuliza kwa nini daima linakuja chini, na kama nguvu hiyohiyo inaweza kufika mpaka mwezini. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia kama mara 60 kuliko tufaa lilivyo. Ikiwa nguvu inapungua mara nne unapokwenda mbali mara mbili, basi kule mwezini itakuwa imepungua mara 3,600. Akapiga hesabu, jibu likakaribia tu, kwa sababu kipimo cha ukubwa wa dunia alichokuwa nacho hakikuwa sahihi. Akaliweka pembeni.

Hapo ndipo ule ujumbe unapopotosha. Newton hakutoka karantini na graviti mkononi. Alitoka na makaratasi ambayo karibu hakuna aliyeyaona. Kitabu chake kikubwa, Principia, kilitoka mwaka 1687, miaka 20 baadaye, tena baada ya Edmond Halley kumfuata Cambridge mwaka 1684 na kumsukuma aandike. Maswali nayo alikuwa nayo kabla ya tauni. Alichokipata nyumbani ni muda: hakuna zamu ya kumtumikia mtu, hakuna mtihani, hakuna mhadhara wa saa moja asubuhi. Na tuseme ukweli wote, kulikuwa na shamba la kumlisha, na baada ya ile kesi ya kondoo, sidhani kama kuna mtu aliyemsumbua tena na mifugo. Mwanamke wa umri wake pale kijijini, hata awe na akili kiasi gani, asingepewa nafasi hiyo.

Kwa hiyo kipimo cha haki si kugundua kitu. Mimi nyumbani nilikuwa namfundisha mdogo wangu wa kidato cha pili, shule yao nayo ikiwa imefungwa. Siku moja akaniuliza kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya. Chuoni swali kama hilo lingepita, maana kesho kuna tesiti. Nyumbani tulikaa nalo siku mbili. Jibu tukalipata kwenye daftari la madeni la duka la jirani: ukifutiwa madeni matatu ya shilingi 1,000, umepata 3,000. Kijana alielewa, na mimi nikapata somo nitakalolipeleka kwenye mazoezi ya kufundisha. Ni jambo dogo. Lakini lilihitaji siku mbili ambazo ratiba ya semista isingenipa.

Newton aliporudi Cambridge mambo yalienda haraka. Oktoba 1667 alichaguliwa mwanachama wa Trinity, na mwaka 1669, akiwa na miaka 26, akawa profesa wa hisabati. Kitabu chake cha mwanga kilitoka 1704. Alikuwa mgumu kuishi naye: aligombana na Hooke, aligombana na Leibniz kuhusu nani alianza kalkulasi, na kukaa kimya na kazi zake kulichangia ugomvi huo. Alisimamia kiwanda cha sarafu cha serikali London, akaongoza Royal Society kuanzia 1703, akafariki Machi 1727 na kuzikwa Westminster Abbey.

Nyumba ya Woolsthorpe bado ipo, na mtufaa unaosemekana kuwa ndio wenyewe bado unazaa. Sisi tulirudi madarasani Juni 2020, ratiba ikabanwa kufidia wiki zilizopotea, na mitihani ikawa inakuja. Ombi langu ni dogo: kama kule nyumbani kuna swali ulilianza, hata la mtoto wa kidato cha pili, usiliache kwa sababu chuo kilifunguliwa. Liandike kwenye daftari. Na kama hukupata nafasi hata ya kuuliza kwa sababu ulikuwa unalima, unachota maji au unauguza, asije mtu akakuambia ulipoteza muda.