Chedly Zouiten, mutu aliyeshika Espérance ya Tunis miaka makumi tatu

Wapenzi wengi wa kabumbu hapa mashariki wanajua jina Espérance juu ya fainali ya mwaka 2010. TP Mazembe iliipiga mabao 5 kwa 0 kule Lubumbashi, halafu ikatoka sare ya 1-1 Tunisia na kurudi na kombe la Afrika. Lakini ni wachache wanaojua mutu aliyeisimamisha ekipe hiyo ya Tunis. Jina lake ni Chedly Zouiten, na alifariki mwaka 1963.

Espérance ilizaliwa ndani ya kahawa, ile nyumba watu wanakutana kunywa na kuongea. Ilikuwa Bab Souika, mtaa wa watu wa kawaida katika muji wa Tunis. Mohamed Zouaoui na Hédi Kallel, vijana waliozoea kukaa pale, ndio walioanzisha klabu, na karatasi zake zilipokelewa tarehe 15 Januari 1919. Kahawa iliitwa Espérance, maana yake Tumaini, na klabu ikachukua jina lile lile.

Wakati ule Tunisia ilikuwa chini ya Wafaransa. Wenye inchi hawakuachiliwa hivi hivi kuongoza chama chao, hata kama ni cha mpira. Ndiyo maana prezida wa kwanza wa Espérance alikuwa Mfaransa, Louis Montassier, mutumishi wa serikali. Mwaka uliofuata, 1920, Club Africain ilizaliwa katika muji ule ule, na wenyewe walikaza kwamba prezida awe Mtunisia. Kwa hiyo, kujua nani anakaa kwenye kiti cha prezida halikuwa jambo dogo. Wacongomani wanaweza kuelewa hilo vizuri, maana hata Mazembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto, kwa jina la Saint-Georges.

Zouiten aliingia Espérance akingali kijana, miaka ya 1920. Mwaka 1931 akawa prezida. Hakuna aliyejua kwamba atabaki pale karibu mpaka mwisho wa maisha yake.

Matunda hayakuja mara moja. Ilibidi kungoja mpaka 1936 ili ekipe ipande daraja ya juu. Mwaka ule ule ikafika fainali ya Kombe la Tunisia, ikashindwa. Miaka mitatu banyuma, 1939, ikalibeba kombe hilo kwa mara ya kwanza kwa kuipiga Étoile du Sahel, ekipe ya muji wa Sousse, mabao 4 kwa 1. Mwaka 1942 ikachukua shampiona yake ya kwanza, wakati dunia iko katika vita. Miezi michache tu kisha, askari Wajerumani wakaingia Tunis, na inchi ikageuka uwanja wa mapigano mpaka Mei 1943.

Kisha vita, Espérance ilifungua mlango kwa wachezaji wa inchi jirani. Mmoja wao alikuwa Abdelaziz Ben Tifour wa Algeria, ambaye baadaye alichezea Ufaransa katika Kombe la Dunia la 1954.

Tunisia ilipata uhuru tarehe 20 Machi 1956. Mwaka mmoja tu ukapita, na shirikisho la kabumbu la Tunisia likaanzishwa, Machi 1957. Prezida wake wa kwanza alikuwa Zouiten. Mutu aliyeanza katika klabu iliyolazimika kuwa na prezida Mfaransa, sasa ndiye anaongoza mpira wa inchi nzima.

Kazi ilikuwa nzito. Mwaka 1958, wachezaji Waalgeria walikimbia ekipe zao za Ufaransa, wakaunda ekipe ya FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, na kuweka makao yao Tunis. Ben Tifour alikuwa kati yao. Mwaka 1960 shirikisho la Tunisia likakubaliwa ndani ya FIFA, na ekipe ya taifa ikaenda michezo ya Olimpiki kule Roma. Ilishindwa mechi zote tatu, lakini bendera ya Tunisia ilikuwa pale. Espérance nayo ilichukua shampiona ya 1959 na ya 1960.

Zouiten aliacha shirikisho mwaka 1962, akafariki mwaka uliofuata. Uwanja mmoja wa Tunis unabeba jina lake mpaka leo.

Ni katika uwanja huo fainali ya Kombe la Afrika ya 1965 ilichezwa, Ghana ikaishinda Tunisia 3-2 baada ya dakika za nyongeza. Na kombe hilo la Tunisia ndilo Congo-Léopoldville, inchi yetu, ilishiriki kwa mara yake ya kwanza. Ilifungwa mechi zote mbili, 5-2 na Ghana, 3-0 na Côte d'Ivoire. Miaka tatu tu kisha, mwaka 1968, ikabeba kombe.

Espérance yenyewe, yenye rangi nyekundu na manjano, imekwisha kuwa bingwa wa Afrika mara ine: 1994, 2011, 2018 na 2019. Zouiten hakuona hata kombe moja kati ya hayo. Yeye aliacha nyumba ikiwa imesimama.